Sura ya Saba: Chumba Kimoja Kabla ya Ukuta

Salle, ule ukumbi wa mtaa, ilijaa mpaka madirishani, na nusu ya waliojaa hawakujua hata farasi wa sataranji anaruka vipi. Walikuja kwa sababu wenzao wamekuja. Ilikuwa Jumamosi, mvua ya mchana ilikuwa imetoka kukatika, na nje, kwenye nguzo ya baraza, alifungwa beberu mweusi wa kutamanisha: zawadi ya bingwa wa sataranji wa Kindu. Kila aliyepita alimpapasa kwanza mgongoni kupima nyama, ndipo akauliza wanaocheza ni nani.

"Fainali ni Papa Blanchard wa simenti na Mwalimu Elie," muuza karanga alimwambia Inspekta Odette bila kuulizwa. "Mwalimu iko na akili. Lakini Papa Blanchard njo alinunua mbuzi. Unafikiri atamuacha aende hivi hivi?"

"Na huyu Papa Blanchard ni mwenyeji wa hapa?"

"Aa, alikuja juzi tu. Miaka miwili. Alitoka Pangi na makuta yake, pesa ya machimbo, akafungua depo ya simenti hapa mtaa wa Kasuku. Mutu muzuri, anasalimia watu. Bibi tu njo hana."

Odette alicheka, akanunua karanga za pili. Hiyo ndiyo ilikuwa namna yake ya kufanya kazi: akae penye watu wengi, atafune kitu, midomo ijifungue yenyewe. Ila leo jicho lake lilirudi kila mara kwenye saa ya simu. Saa tisa na dakika kumi. Saa kumi na moja kamili gari la gereza lingempakia Aimé, mwendesha moto, pikipiki ya abiria, wa Alunguli ng'ambo ya mto, kwa kosa la kumuua Mzee Kalume. Na mtu akishaingia mle na faili la mauaji, kumtoa ni kazi ya miaka.

Kamanda wake alikuwa amemaliza maneno asubuhi.

"Simu ya marehemu tuliikamata kwa Aimé. Unataka nini tena?"

"Aimé anavusha simu za watu kuzileta huku kuchaji, Kamanda. Mtaa wote unampa. Siku ile tulimkuta na simu kumi na moja. Alimuua mwenye moja akawaacha kumi?"

"Majirani walimwona mlangoni."

"Alikuja kurudisha simu. Alibisha, hakuitikiwa, akaondoka. Na mle ndani kulikuwa na vikombe viwili vya chai na ubao wa sataranji katikati. Aimé hajui sataranji. Nilimwonyesha mnara, akaniambia ni chupa."

"Odette. Niletee muntu, usiniletee muchezo. Saa kumi na moja."

Aimé mwenyewe, alipoulizwa usiku wake wa tatu ndani ulikuwaje, alikuwa na neno moja tu: "Mama Inspecteur, zile simu kumi, nani anawarudishia wenyewe?"

Kando ya Odette aliketi Mama Sharifa, muuza mchele wa soko kubwa, kitambaa cha kijani kichwani, mikono ameifunga mapajani. Jumatano, siku Mzee Kalume alipovunjwa kichwa kwa mchi wa kinu, Sharifa alikuwa sokoni mbele ya macho mia. Hilo Odette alikuwa amekwisha kulihakikisha. Leo alikuwa hapa kwa sababu katika Kindu nzima ni yeye peke yake aliyeweza kuisoma picha iliyokuwa kwenye simu ya Odette.

Picha ilipigwa katika chumba cha marehemu. Ubao, vikombe, na mchezo ulioishia mwanzoni: upande wa weupe walikuwa wamesogea pioni wa nne kutoka kushoto, farasi wa kushoto, na yule ambaye Wafaransa wanamwita fou, ambaye watu wa Kindu wamemfanya kichaa moja kwa moja, naye alikuwa wa kushoto. Halafu mfalme alikuwa ameingizwa nyumbani kwa roki, ule mwendo wa pekee ambapo mfalme na mnara wanasogea pamoja na kupishana.

"Kila anayefundishwa sataranji anaambiwa neno la kwanza hili," Sharifa alimweleza tangu juzi. "Kona ya mukono wako wa kuume iwe nyeupe. Angalia hapa. Ni nyeusi. Ubao umegeuzwa. Malkia wa weupe amesimama kuume kwa mfalme, ingefaa awe kushoto. Na weusi vilevile. Wote wawili wamepanga hivi, na hakuna aliyemurudi mwenzake."

"Labda Mzee alisahau."

"Hakusahau. Njo vile alinifundisha na miye. Njo vile baba yangu alimufundisha yeye."

Baba yake Sharifa, Musafiri, alikuwa karani wa gare, stesheni ya reli. Mwaka 2002, reli imekufa na mji umezingirwa, waasi walimfunga pamoja na wengine wanne katika nyumba ya mfanyabiashara aliyekimbia. Kibaraza cha ndani kilikuwa na vigae vyekundu na vyeupe, nane kwa nane, ukuta huku na ukuta huku, nafasi ya kukaa mbele na nyuma tu. Karani akaona ubao. Vifuniko vya chupa vikawa pioni, maganda ya risasi yakawa wakubwa. Ila kona ya kuume ilikuwa nyekundu, na sakafu haigeuzwi. Yeye alishika jambo moja, kwamba malkia anafuata rangi yake. Akamweka kwenye rangi yake, na mfalme akajikuta upande usio wake. Hivyo ndivyo wote watano walivyocheza miezi minne. Mfalme wao aliingia nyumbani kwa kwenda kushoto, akasimama karibu kabisa na ukuta, amebakiza kigae kimoja.

"Wote watano," Odette alikuwa amesema. "Wako wapi?"

"Baba alipigwa risasi ukingoni mwa Lualaba, siku waliyojaribu kutoroka. Na Radjabu. Na Ngongo. Askari walikuwa wanawangojea palepale, kana kwamba mutu aliwachorea njia. Mzee Kalume alilala kwa matete, akapona. Wa tano walimwitaka Bidon, maana yake dumu la maji, kijana mwembamba, kwa sababu yeye njo alikuwa anatumwa nje kuteka maji. Maiti yake haikuonekana. Watu walisema mto ulimubeba."

"Wewe ulimwona?"

"Nilikuwa nabeba chungu cha chakula mpaka kwa geti. Ndani sikuingia. Sura yake siijui."

Kwa hiyo Odette alikuwa na hesabu fupi. Watu wawili walikunywa chai Jumatano. Wote wawili walijifunza juu ya vigae vile. Waliokuwa hai mpaka Jumatano na kuujua mpangilio ule walikuwa Kalume, Sharifa, na mtu ambaye mto haukumbeba.

Asubuhi alidhani amempata. Katika nusu fainali Mwalimu Elie alifungua kwa pioni wa nne kutoka kushoto, farasi wa kushoto, kichaa wa kushoto. Sharifa alimbana mkono Odette mpaka kucha zikaingia. Odette akamfuata mwalimu nyuma ya salle, alikokuwa akinywa maji.

"Mwalimu, huu mwanzo wako ulijifunza wapi?"

"Kwa simu, Mama. Kuna video. Vijana wote wa sasa wanaupenda."

"Una miaka mingapi?"

"Makumi mbili na tatu. Kwani?"

Alizaliwa wakati karani yuko kibarazani bado. Odette akamwonyesha picha hata hivyo. Elie hakumaliza kuishika simu.

"Nani alipanga hii? Kona nyeusi! Mufalme na malkia wamebadilishana!" Alicheka. "Hata wanafunzi wangu wa kwanza hawafanyi hivi."

Mike, mwamuzi wa mashindano, fundi redio mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, naye alipoonyeshwa alisema neno lilelile kabla hajavuta pumzi. Kisha akaongeza, na hapo Odette akaacha kutafuna.

"Ni ya Mzee Kalume? Maskini. Alikuja hapa Jumapili. Mbele ya siku ile hakuwahi kuja. Alivuka mto kusudi aone mashindano yanapangwaje. Watu walikuwa wanacheza za haraka, dakika tano tano, za kucheka tu. Alisimama nyuma ya Papa Blanchard, akatazama mchezo mumoja. Halafu akakaa chini kama mutu amekatwa miguu. Nikamuuliza, Mzee, uko mugonjwa? Akasema hapana, nimeona mutu namujua."

"Mchezo huo Papa Blanchard alifunguaje?"

"Mama, za haraka hakuna anayeandika."

"Na zile ndefu za wiki nzima?"

"Zile ninaandika. Anafungua kama padri anasoma misa. Hakuna kosa."

Saa tisa na nusu Odette alimkuta Blanchard mwenyewe barazani, akimlisha beberu majani kwa mkono wake. Mtu mpana wa miaka arobaini na kitu, ndevu zimechongwa, shati la kitenge jipya, kicheko tayari.

"Mama Inspecteur! Unakuja kumukamata mbuzi?"

"Kama ana kitambulisho nitamwacha. Papa, wewe ni mchezaji. Nisaidie kusoma hii."

Akampa simu. Blanchard aliitazama picha. Odette alihesabu moyoni mpaka saba.

"Ni mwanzo tu wa muchezo," Blanchard alisema. "Weupe wako vizuri. Weusi wamechelewa kutoa farasi."

"Hakuna kingine?"

"Kingine nini?"

"Sijui, mimi sichezi. Ni chumba cha Mzee Kalume. Ulimjua?"

"Kwa jina. Nilisikia maneno yake kwa redio. Miye wakati wa vita nilikuwa Pangi, sikukuwa hapa."

"Aksanti, Papa," Odette alisema, na hakumwambia kwamba hakumuuliza habari za vita.

Alirudi ndani, akamvuta Mike nyuma ya meza ya vikombe.

"Fainali ni ya muda gani?"

"Saa moja kwa kila mutu."

"Fanya dakika tano."

"Mama! Hii ni fainali. Kuna règlement, kuna sheria."

"Mike, sikiliza. Ukimpa mtu saa nzima, atapanga kila kitu kichwani kabla ya kugusa. Mzee Kalume alimtambua mtu wake katika mchezo wa haraka. Mchezo wa haraka ndio ninaoutaka."

Mike alivua miwani. "Unamuwazia Papa Blanchard?"

"Namuwazia Aimé. Saa kumi na moja wanampakia. Useme mvua imewachelewesha na watu wa Alunguli wanataka kuvuka mapema."

Mike akarudisha miwani, akapanda kwenye kiti, akatangaza: fainali ni michezo miwili ya dakika tano tano, na wakifungana wa tatu. Salle ililipuka kwa furaha. Walikuwa wamejiandaa kutazama watu wawili wakifikiri mpaka jioni. Mwalimu Elie aliinua mabega. Blanchard hakucheka. Alimtazama Mike, kisha akatazama safu ya mbele, ambako inspekta alikuwa akitafuna karanga na kuongea na jirani yake.

"Kama njo règlement," alisema.

Mchezo wa kwanza Elie alishika weupe, na haukumaliza hata dakika sita. Alimtupia Blanchard kila alichokuwa nacho, mfalme mweusi akafia katikati ya ubao bila kupata nafasi ya kuingia nyumbani. Vijana waliokaa madirishani walianza kuimba jina la mwalimu. Mtu mmoja nje alimpigia kelele mbuzi: "Umepata bwana mupya!"

Blanchard alijifuta shingo. Sasa weupe walikuwa wake, na asiposhinda huu, basi.

Saa ilibonyezwa.

Odette hakujua sataranji, ila kuhesabu alijua. Mkono wa Blanchard ulitoka mezani ukaenda kwa pioni wa nne. Kutoka kushoto. Elie akajibu. Farasi wa kushoto. Elie akajibu. Kichaa wa kushoto, akavuka mpaka upande wa pili. Odette alisikia pumzi ya Sharifa ikibadilika.

"Si kitu bado," Odette alinong'ona. "Mwalimu naye alifanya hivi."

"Najua."

"Tazama tu."

Malkia akapanda hatua moja, akaacha njia. Elie alipiga saa kwa kofi, akasogeza, akapiga tena. Sasa kati ya mfalme mweupe na mnara wa kushoto hakukuwa na mtu. Blanchard alishika mfalme. Kwa desturi ya mchezo huu, kwenye ubao uliopangwa sawa, mfalme anayekwenda upande huo anapiga hatua mbili na kubakiza vyumba viwili vitupu kabla ya ukingo. Mkono wa Blanchard haukusimama pale. Ulipita, ukamweka mfalme chumba cha pili kutoka ukingoni. Mkono uleule ukanyanyua mnara, ukaurusha juu yake, ukautua pembeni mwake, na ukapiga saa. Yote kwa pumzi moja, laini, kama mtu anavyofunga mlango wa kwake gizani.

Kilibaki chumba kimoja.

"Hapana!" Mike aliinua mkono, akasimamisha saa. "Roki mbaya! Papa Blanchard, mufalme anapiga hatua mbili, siyo tatu!"

Salle ilicheka mpaka mabati yakaitika. Tajiri wa simenti, mwenye mbuzi, hajui kufanya roki! Elie mwenyewe alicheka akiwa amefunika mdomo kwa adabu. Muuza karanga alicheka, ingawa hakujua anacheka nini.

Blanchard naye alianza kucheka, maana kila mtu anacheka. Kisha akatazama ubao. Kicheko kikakatika katikati. Akainua uso na kukuta watu wawili katika salle nzima ambao hawakucheka, wanawake wawili, safu ya mbele. Yule mwenye kitambaa cha kijani alikuwa amesimama.

"Njo vile baba aliwafundisha," Sharifa alisema. Hakupaza sauti.

Chumba cha nyuma kilikuwa stoo ya viti vya kukodisha, vimerundikwa mpaka dari. Ilikuwa saa kumi na dakika kumi na tano. Mike alisimama nje ya mlango kuzuia wambea, na wambea walikuwa wengi. Ndani walikuwa watatu: Blanchard kwenye kiti, Odette amesimama, Sharifa karibu na dirisha.

"Kosa la haraka, Mama Inspecteur. Dakika tano ni dakika tano."

"Mtu wa haraka humkosea mfalme. Wewe, hata mnara wako ulikwenda palepale pa kosa. Vyote viwili, na hukusita."

"Mazoea mabaya."

"Ya wapi?"

"Pangi. Tulichezaka kule kwa machimbo, kwa mbao tulizochonga wenyewe."

"Nani alikufundisha?"

"Mutu tu. Alikufa."

"Jina lake?"

"Nimesahau."

"Mchezo unaupenda mpaka unaununulia mbuzi, na aliyekufundisha umemsahau jina."

"Ni zamani."

"Lini?"

"Wakati wa vita."

"Nilikuonyesha picha leo. Mwalimu Elie aliona kosa kabla sijamwachia simu. Mike vilevile. Wewe bingwa uliitazama, ukaniambia habari za farasi. Ubao umegeuzwa, wafalme na malkia wamebadilishana, na wewe hukuona kitu."

"Sikuangalia vizuri."

"Uliangalia kuliko wote. Jumatano mchana ulikuwa wapi?"

"Depo."

"Mlinzi wako nimempigia, anasema ulifunga saa saba ukasema unakwenda kupima nyumba ya mteja. Ng'ambo."

"Basi nilikwenda ng'ambo. Watu elfu walivuka Jumatano."

Simu ya Odette ililia. Kamanda. Aliipokea bila kuondoa macho kwa Blanchard.

"Gari imefika mapema," sauti ya Kamanda ilisema. "Dereva anataka kuondoka. Nimpe karatasi?"

"Nipe nusu saa."

"Nakupa dakika kumi na tano. Una nini?"

"Nitakuambia."

"Basi huna kitu," Kamanda alisema, akakata.

Chumba kilikuwa kidogo, na Blanchard alisikia kila neno. Alinyanyuka polepole, akajinyoosha shati. Kicheko chake kilirudi, kimepungua kidogo.

"Mama Inspecteur, miye nakuheshimu. Lakini utaandika nini kwa procès-verbal? Tumemukamata Blanchard kwa sababu alisogeza mufalme vibaya? Na kwamba alivuka mto? Watakucheka kuliko vile wamenicheka miye." Akashika mpini wa mlango. "Niende nikamupongeze mwalimu. Mbuzi ni wake."

Odette hakuwa na la kumzuia nalo. Alichokuwa nacho kilimtosha yeye, hakikumtosha mtu mwenye muhuri.

"Papa," Sharifa alisema. "Ngoja kidogo. Miye sina swali la polisi."

Blanchard aligeuka, mkono bado mlangoni.

"Kila mwaka, mwezi ule waliouawa, nyumbani kwetu tunasoma hitima. Mama aliianza, miye naendelea. Tunapika, tunaita walimu, tunataja majina mane. Baba yangu Musafiri. Radjabu. Ngongo. Na Bidon."

Mkono wa mlangoni haukusogea.

"Watu walimuulizaka mama: huyo Bidon ni mukristu, munamusomea Kurani ya nini? Mama akawajibu, alikula chungu kimoja na bwana yangu, na chungu nilipika miye. Jina lake la kweli hatukulijua. Tunasema tu, Bidon, na mama aliyemuzaa, Mungu anawajua. Miaka makumi mbili na mbili, Papa. Hatujaruka hata mumoja. Mwaka huu iko Alhamisi inayokuja, na majina lazima nimupelekee mwalimu wa msikiti kesho." Akakunja mikono tumboni. "Nilitaka kuuliza hili tu. Niendelee kumutaja, ao nimutoe?"

Nje, watu walikuwa wakimbeba Mwalimu Elie mabegani. Kelele zilipita mbele ya mlango, zikaenda barazani, zikabaki kule. Odette alijua maswali elfu ya kumuuliza mtu, na hakuwahi kuwa na moja kama hilo.

Blanchard aliachia mpini.

"Mulikuwa munanisomea?" alisema.

Alirudi, akaketi kwenye kiti kilekile, akauweka uso viganjani, kisha akautoa kana kwamba umemuunguza.

"Na mama yako?"

"Alikufa mwaka jana. Akilala pale kwa kitanda alinikumbusha: majina mane."

"Mutoe," Blanchard alisema. "Mutoe, dada. Mutoe hata leo." Sauti yake ilikuwa nyembamba, kama si ya mwili ule. "Waasi walinishika pale kwa maji. Waliniambia, tunajua munataka kutoroka, sema tu njia gani, tutawarudisha ndani, hatutapiga mutu. Walinipa koti. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nikasema njia. Niliwasikia wakipiga nikiwa ndani ya mutumbwi."

"Na Mzee Kalume?" Odette aliuliza, taratibu.

"Aliniona Jumapili. Akaniita Jumatano, tukunywe chai, tucheze kama zamani. Alipanga weusi, nikapanga weupe, bila kusema neno. Tulicheka. Kweli, Mama, tulicheka. Halafu akaniambia: Alhamisi ya hitima utakuja na miye kwa Sharifa, utasema kwa kinywa chako mbele ya watu. Nikamuomba. Nikamuambia nitajenga msikiti, nitafanya chochote. Akasema hataki simenti yangu, anataka niseme tu. Nikasimama niende. Mchi ulikuwa pale kwa mulango." Akamtazama Sharifa mara moja, akashindwa. "Yule wa moto sikumujua. Nilisikia tu wamemukamata mutu. Nilinyamaza."

"Ulinyamaza siku tatu," Odette alisema, na tayari alikuwa akibonyeza namba.

Ililia mara sita. Kamanda alipopokea, nyuma ya sauti yake injini ilikuwa ikinguruma.

"Umechelewa, Odette. Anatoka."

"Simamisha gari."

"Una nini mukononi?"

"Niko na muntu, Kamanda. Ameketi mbele yangu, anasema mwenyewe, na shahidi anasikia. Simamisha gari."

Vikasikika viatu vikikimbia kwenye changarawe, kofi juu ya bati, sauti ya Kamanda ikimfokea dereva, injini ikakohoa na kuzima. Odette alibonyeza simu isikike na wote, akaiweka juu ya kiti kitupu katikati yao watatu. Komeo liligonga chuma. Mtu aliamrishwa ashuke. Na kutoka mbali, ndani ya simu, Aimé akauliza kwa sauti ya mtu asiyeamini:

"Nishuke na vitu vyangu?"

"Na vitu vyako vyote," alijibiwa.

Blanchard alitaka kugeuza uso dirishani. Sharifa alikuwa amesimama hapo, basi hakuwa na upande mwingine wa kutazama, akakaa hivyo akisikiliza miguu ya mtu ikigusa ardhi.